Treni ya 205 ya Japani: dalili, chanzo, na pa kuanzia kutafuta

Mtu akisema treni haivuti, usikimbilie mota. Muulize kwanza: viyoyozi vinapuliza? Akijibu ndiyo, umeshaondoa nusu ya vitu vya kushuku. Akijibu hapana, umeondoa nusu ile nyingine.

Ndivyo ilivyo 205. Nyaya na mabomba yake yamepangwa kama ukoo: kila kifaa kina mzazi anayekilisha umeme au hewa, na mzazi mmoja ana watoto wengi. Dalili moja peke yake hudanganya. Ukikuta vitu viwili vimekufa pamoja, tafuta mzazi wao. Fundi anayebadilisha kifaa kwa sababu tu ndicho kilicholalamika atabadilisha vingi vizima kabla hajakigusa kibovu.

Tuitambue kwanza. Mfululizo wa 205 ulianza kazi Machi 1985 kwenye mzunguko wa Yamanote jijini Tokyo, siku za mwisho za Shirika la Reli la Taifa la Japani, ambalo liligawanywa kuwa kampuni mwaka 1987. Hadi uzalishaji unasimama mwaka 1994 yalikuwa yameundwa mabehewa 1,461. Bodi ni ya stenlesi isiyopakwa rangi isipokuwa utepe. Behewa lina urefu wa mita 20 na milango minne kila upande. Umeme ni volti 1,500 za mkondo mnyoofu kutoka waya wa juu, na reli ni za upana wa milimita 1,067. Upana huo ni uleule wa TAZARA, ingawa TAZARA haina waya wa juu. Kwenye SGR ya Tanzania, yenye volti 25,000 za mkondo geu na reli pana zaidi, 205 isingesogea hata mita moja.

Mabehewa ya mota hukaa mawili mawili. Moha 205 limebeba pantografu, ule mkono wa paani unaochukua umeme kwenye waya wa juu, na kidhibiti kikuu. Mwenzake, Moha 204, limebeba jenereta inayozungushwa na mota, ambayo mafundi huiita MG, pamoja na kompresa ya hewa. Kila behewa kati ya hayo lina mota nne za kilowati 120, na kidhibiti kimoja kinaziendesha zote nane. Jozi hii nitaiita yuniti. Ukielewa yuniti, mengi yanayofuata utaweza kuyakisia mwenyewe.

Kabla ya kufungua boksi lolote chini ya sakafu, pantografu ishuke, thibitisha kwa macho kwamba imeshuka, kisha saketi ishikizwe kwenye ardhi. Mkondo mnyoofu ni katili kuliko ule tuliozoea majumbani. Mkondo geu hupita sifuri mara mia moja kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika yenyewe. Volti 1,500 za mkondo mnyoofu hazina sifuri hiyo. Cheche ikishawaka inanyooka, inafuata chuma, na inakufuata wewe.

Kwanza, ni 205 ipi?

Swali hili hurukwa na watu wengi. Kuna 205 zilizobadilishwa moyo. Zile za 5000, zilizopelekwa njia ya Musashino kuanzia mwaka 2002, zilivuliwa mota za zamani zenye brashi zikavishwa mota za induksheni zinazoendeshwa na inveta. Ukizisikia zikiondoka zinaimba, sauti inapanda kwa ngazi. Ile ya asili haiimbi. Inanguruma, na chini ya sakafu unasikia ta-ta-ta ya kontakta, yaani swichi kubwa za umeme, zinazofuatana. Maelezo ya hapa chini kuhusu kemshafti (mhimili unaozunguka ukifunga na kufungua kontakta kwa zamu), brashi na rezista (vizuizi vya mkondo) hayawahusu wa 5000 hata kidogo. Ya hewa, breki za viatu, milango na magurudumu yanawahusu wote.

Tofauti hiyo ilivuka bahari. Kuanzia mwaka 2013, 205 zaidi ya mia nane zilikwenda Jakarta, Indonesia, ambako upana wa reli na volti vinafanana na vya Tokyo. Za njia ya Saikyo ya Tokyo zilitangulia, za Musashino zikafuata baadaye. Karakana ileile ikajikuta na treni mbili zenye sura moja na matumbo tofauti.

Haiondoki kabisa

Dereva amevuta mkono wa mwendo, treni imekaa kimya. Taa zinawaka, viyoyozi vinapuliza.

Tazama taa ya milango mezani kwa dereva. Kama haijawaka, mota hazina kosa. Saketi ya milango ni kitanzi kimoja kinachopita kwenye swichi ya kila mlango, na mlango mmoja usiofunga sawasawa hukikata chote. Hesabu ya Yamanote ilivyokuwa baada ya mwaka 1991: mabehewa 11, kumi ya milango minne na moja la milango sita, jumla milango 46 kwa upande mmoja, kila mmoja na mabawa mawili. Ncha ya mwavuli inatosha. Kamba ya mkoba inatosha. Hata changarawe iliyoingia kwenye njia ya chini inatosha.

Kuutafuta si kazi ngumu, kwa sababu kila behewa lina taa nyekundu ubavuni inayowaka mlango wake ukiwa wazi. Kondakta anachungulia nje na kuona ni behewa lipi bado linang'aa. Kama taa zote za ubavuni zimezimika na ya dereva bado haijawaka, sasa ndipo ushuku swichi iliyochoka, plagi kati ya mabehewa, au balbu yenyewe. Balbu! Nimeona mitambo ya kiwandani ikisimama saa nzima watu wakipima waya, kumbe balbu ya kiashiria imeungua. Anza na kitu cha bei nafuu.

Lile behewa la milango sita lina ucheshi wake. Viti vyake vilikunjwa ukutani asubuhi ili watu wasimame wengi zaidi. Lilipunguza muda wa kusimama stesheni, na likaongeza milango ya kumsumbua fundi.

Taa ya milango ikiwa imewaka na treni bado haiendi, tazama breki ya dharura. Waya wake hubeba umeme wakati wote treni ikiwa nzima. Umeme ukikatika mahali popote, breki hukaba. Kwa hiyo waya uliokatika, plagi iliyolegea, au kifaa cha usalama kilichoshtuka vyote vinaleta dalili moja: geji ya silinda ya breki iko juu na haishuki. Kwenye njia zenye ATC, mfumo unaodhibiti mwendo wa treni wenyewe, kama Yamanote, angalia pia kama ATC ndiyo inayokataza. Hapo treni haina ugonjwa wowote, inatii tu.

Mwisho tazama hewa kwenye tangi kuu. Treni iliyolala usiku na hewa yake kuvuja haiwezi kuachia breki wala kufunga kontakta zinazotegemea hewa. Subiri kompresa ijaze. Ikijaza na kuanza tena baada ya muda mfupi, ikasimama, ikaanza, una uvujaji. Zima kila kitu kinachopiga kelele, tembea kando ya treni, sikiliza. Maji ya sabuni yatakuonyesha mengine.

Inaondoka, lakini ni nzito

Treni ya Yamanote ilikuwa na yuniti tatu, mota 24, kilowati 2,880. Yuniti moja ikitoka kazini zinabaki mota 16, kilowati 1,920. Treni itatembea, itachelewa kidogo kila stesheni, na abiria wengi hawatatambua. Dereva anatambua kabla ya mita mia.

Kwanza uliza hali ya hewa. Mvua ya kwanza baada ya ukame, majani yaliyosagwa juu ya reli wakati wa vuli, hayo hutelezesha magurudumu. Wakati wa kuanza mota zote nane za yuniti zimeungwa kwa mfuatano, mkondo mmoja unazipita zote. Ekseli moja ikiteleza, mota yake inazunguka kasi, inajitengenezea volti ya kupinga, na mkondo wa wenzake wote unanywea. Mmoja anacheza, saba wanakosa chakula. Dalili: uzito unakuja na kuondoka, unaandamana na mlio wa magurudumu, na unaisha reli zikikauka. Usifungue kitu.

Kama uzito haubadiliki, tafuta yuniti iliyokatika. Ammita zitakuambia. Kama kulitangulia mshindo chini ya sakafu, pengine na mwanga kwenye ukuta wa handaki, kuna cheche iliyozunguka komuteta (silinda ya shaba inayoguswa na brashi za mota) au umeme uliovujia kwenye chasisi, na kikata-umeme kimefanya kazi yake. Msimamo wangu: irudishe mara moja. Ikikatika tena, itenge yuniti na uiache hivyo hadi karakana. Anayerudisha mara ya tatu anaunguza mota akidhani anaokoa ratiba.

Karakanani fungua kifuniko cha mota na utazame komuteta kabla ya kupima chochote. Rangi ya kahawia inayong'aa, kama chokoleti, ni afya. Mistari iliyochimbika inaashiria brashi ngumu au vumbi. Baa chache zilizoungua nyeusi kwa mpangilio unaojirudia hukuelekeza kwenye koili iliyokatika au kuchomelewa vibaya, na hapo kupiga msasa ni kuficha ugonjwa. Pima urefu wa brashi na nguvu ya springi yake. Puliza unga wa kaboni. Unga huo hupitisha umeme, na ukichanganyika na unyevu wa mvua unajijengea daraja lake kutoka kishikilia brashi hadi chasisi. Ndiyo maana mota nyingi hulalamika siku ya mvua na kupima vizuri siku ya jua. Ukipima kinga ya umeme wakati mota imeshakauka na kupoa, umempima mgonjwa baada ya kupona.

Kuna uzito wa aina nyingine unaokuja na harufu. Kuanza kwa 205 kunategemea rezista, na kemshafti inazitoa moja baada ya nyingine treni inavyochukua mwendo. Ikikwama katikati, rezista zilizotengenezwa kufanya kazi sekunde chache zinabaki kazini. Unasikia harufu ya vumbi la chuma cha moto, kama pasi iliyokaa kabatini mwaka mzima. Ile ta-ta-ta ya yuniti hiyo nayo inakatika kabla ya kumaliza. Shuku mota ndogo inayozungusha kemshafti, au rilei ya kikomo cha mkondo inayodhani mkondo bado uko juu. Jifunze harufu hizi, kwa sababu vanishi ya koili inayoungua ni kali na tamu kidogo, kiatu cha breki kina harufu ya gundi iliyopashwa moto, na cheche huacha hewa yenye ukali unaochoma puani. Pua haihitaji betri.

Inavuta vizuri mwanzo, kisha inaishiwa pumzi

Hapa ndipo 205 inapotofautiana na treni nyingi za kabla yake, na hapa nitakaa.

Mota ya mkondo mnyoofu ikizunguka kasi hutengeneza volti ya kupinga ile inayoilisha. Ikifika mahali hizo mbili zikakaribiana, mkondo hupungua na nguvu hukwisha. Dawa ya kale ni kudhoofisha uga wa sumaku: volti ya kupinga inashuka, mkondo unarudi, treni inaendelea kupanda mwendo. Mfululizo wa 201, uliotangulia 205, ulifanya udhibiti wake kwa chopa za thairista, yaani swichi za kielektroniki zinazokata na kuunga umeme haraka, zilizobeba mkondo wote wa mota. Zilifanya kazi nzuri, na zilikuwa ghali.

Wahandisi wa 205 walitafuta njia ya mkato yenye akili. Waliacha mkondo mkubwa upite kwenye kontakta na rezista za kizamani, kisha wakaweka kifaa kidogo cha thairista kinachochukua umeme wa awamu tatu kutoka MG, kinaunyoosha, na kuuongeza kwenye koili za uga peke yake. Kifaa kidogo, mkondo mdogo, bei ndogo. Kwa kupandisha na kushusha umeme huo wa nyongeza, uga unatii. Na wakati wa breki kifaa hichohicho kinalisha koili za uga, mota zinakuwa jenereta, umeme unarudi kwenye waya wa juu.

Sasa utazame ukoo. Kifaa cha uga ni mtoto wa MG, na kina watoto wawili: nguvu ya mwendo wa juu na breki ya kurudisha umeme. Kwa hiyo:

Kama yuniti inavuta vizuri kutoka stesheni, inaishiwa mwendo wa kati, na breki yake ya umeme pia haipo, lakini taa na viyoyozi ni vizima, tafuta kwenye kifaa cha uga. Thairista iliyopiga shoti, fyuzi yake, kadi ya udhibiti, au kihisi cha mkondo.

Kama dalili hizo mbili zipo na viyoyozi vya mabehewa ya karibu navyo vimezima, kiache kifaa cha uga. Nenda kwa MG.

Kama nguvu ya mwendo wa juu ipo na ni breki ya umeme tu inayokosekana, kifaa cha uga kinafanya kazi, maana nusu ya kazi yake inaonekana. Tazama kontakta za kugeuza saketi kutoka mwendo kwenda breki, au soma sehemu inayofuata kabla ya kutazama chochote.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nasisitiza viyoyozi wakati tatizo ni mota. Sababu ndiyo hiyo. Abiria aliyelalamika joto saa tatu asubuhi ametoa taarifa ya kiufundi kuhusu mwendo wa treni, ila hajui.

Breki ya umeme inaachia ghafla

Dereva anavuta breki, treni inaanza kupungua kwa ulaini, kisha kuna pengo dogo kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani, halafu viatu vya breki vinashika. Geji ya silinda inaruka.

Mara nyingi huu si ubovu.

Mwendo ukiwa juu mota huungwa nne nne. Mota nne zilizofuatana, kila moja imeundwa kwa volti 375, zinajumlika kuwa 1,500. Ili zisukume umeme kurudi kwenye waya, lazima jumla yao iizidi volti ya waya. Umeme huo ukishafika huko juu lazima awepo wa kuutumia, yaani treni nyingine inayoondoka stesheni ya jirani. Asipokuwepo, volti ya waya inapanda, kinga ya treni inaona hatari, inakata, na breki ya hewa inachukua kazi.

Kwa hiyo uliza wapi na saa ngapi. Yamanote, ambako asubuhi treni hufuatana kwa dakika chache tu, mnunuzi wa umeme hakosekani. Njia ya Sagami, yenye reli moja, ambako 205 za aina ya 500 zilianza mwaka 1991 na abiria hufungua mlango kwa kubonyeza kitufe, ina treni chache. Huko kuachia kulikuwa jambo la kila siku. Kama dalili inatokea kwenye treni tofauti mahali palepale, hasa usiku, shuku njia. Kama inaifuata treni moja popote iendapo, shuku treni.

Breki ya umeme pia huisha yenyewe mwendo ukishuka sana, kwa sababu hata uga ukiongezwa hadi mwisho mota haziwezi tena kufika juu ya 1,500. Makabidhiano hayo yanapaswa kuwa laini. Yakigeuka mshtuko kila stesheni, hewa inachelewa kufika: vali nzito, au vipimo vya makabidhiano vimehama.

Breki inashika kidogo kuliko ilivyoamriwa

Amri ya breki kwenye 205 husafiri kwa waya, si kwa mabadiliko ya hewa bombani. Mabehewa yote yanaisikia wakati mmoja. Kila behewa kisha linajiuliza lina uzito gani, na jibu linatoka kwenye springi za hewa: abiria wengi, shinikizo kubwa, breki kubwa. Kihisi cha springi kikisema uongo, behewa lililojaa litafunga kama tupu. Dalili ya hilo hujificha, kwa sababu behewa moja dhaifu kati ya kumi na moja husukumwa na wenzake. Utaliona kwenye viatu vya breki. Behewa ambalo viatu vyake haviishi ni behewa lisilofanya kazi. Mafundi hufurahia viatu vinavyodumu. Mimi huvitilia shaka.

Theluji ni kesi ya peke yake. Ikiingia kati ya kiatu na gurudumu, msuguano unapotea. Usiku wa Februari 15, 2014, kwenye stesheni ya Motosumiyoshi ya njia ya Toyoko, treni ilishindwa kusimama kwenye theluji nzito ikaigonga iliyokuwa mbele. Haikuwa 205, lakini viatu juu ya gurudumu ni vilevile. Kinga ya Wajapani ni breki ya theluji: viatu vinagusa magurudumu kwa wepesi muda wote, ili theluji isipate pa kukaa. Dereva akisahau kuiwasha, fundi atatafuta ubovu usiokuwepo. Mabehewa yasiyo na mota yana pia diski kwenye ekseli, na hiyo husaidia.

Ta-ta-ta inayofuata mwendo

Maungio ya reli hugonga kwa jozi, ekseli mbili za bogi moja (fremu yenye magurudumu chini ya behewa) zikifuatana, na hunyamaza penye reli zilizochomelewa. Bapa kwenye gurudumu halinyamazi. Gurudumu jipya lina kipenyo cha milimita 860, yaani karibu mita 2.7 kwa mzunguko. Kwa kilomita 60 kwa saa utasikia mapigo sita kwa sekunde. Simu yako ina saa; hesabu. Idadi ikilingana, treni iliburuta gurudumu lililofungwa na kulinoa upande mmoja. Gurudumu linakwenda kwenye mashine ya kuchonga, lakini usiishie hapo. Uliza lilifungwa kwa nini. Bapa kwenye ekseli ileile mara mbili ndani ya msimu mmoja ni vali ya breki inayokawia kuachia, si majani.

Behewa limeinama likiwa limesimama

Bodi ya 205 inakaa moja kwa moja juu ya springi mbili za hewa za kila bogi, bila ule mhimili mzito wa katikati uliokuwa kwenye bogi za zamani. Bogi likikata kona, springi zenyewe hupinda. Ni wepesi mkubwa, na 205 ilikuwa miongoni mwa treni za kwanza za shirika lile kutumia mpangilio huo kwa wingi. Urefu wa kila springi unatunzwa na vali ya kusawazisha yenye fimbo ndogo.

Ukikuta behewa limelala upande mmoja wakati abiria wameshashuka, tazama fimbo hiyo kwanza: imepinda, imekwama, au mtu aliirekebisha kwa jicho. Kisha vali. Springi yenyewe iwe ya mwisho.

Dalili hii watu huichukulia kama suala la starehe. Sivyo. Uzito ukiegemea upande mmoja, gurudumu la upande wa pili ni jepesi, na gurudumu jepesi kwenye kona kali linaweza kuipanda reli. Machi 8, 2000, karibu na Naka-Meguro kwenye njia ya Hibiya, treni ya chini ya ardhi ilipanda reli hivyo kwenye kona, ikagongwa na iliyokuwa ikija, na watu watano wakafa. Kutolingana kwa uzito wa magurudumu kulikuwa kati ya sababu zilizotajwa, na baada yake upimaji wa uzito wa kila gurudumu ukawa kazi ya kawaida. Behewa lililoinama halirudi njiani bila kupimwa. Na kumbuka springi hizo ndizo zinazoiambia breki uzito wa behewa: ukikuta limeinama na lina malalamiko ya breki, una mzazi mmoja.

Behewa ni joto

Behewa moja: kiyoyozi cha paa lake. Chujio kwanza, kisha feni, kontakta ya kompresa, gesi. Mabehewa kadhaa yanayofuatana: MG, tumeshaisema. Kiyoyozi hiki kilitengenezwa kwa majira ya joto ya Japani, na Jakarta hakuna majira mengine. Huko ratiba ya kusafisha vichujio ya Tokyo haina maana.

Waya wa juu unatoa cheche

Cheche ndogo za buluu asubuhi ya barafu ni za kawaida. Cheche zinazoifuata pantografu moja kila siku: tazama mistari kwenye vipande vya kaboni vinavyogusa waya, kisha nguvu ya springi inayoisukuma juu. Mfereji mmoja uliochimbika kwenye kaboni utanasa waya siku moja, na hapo hutashughulikia pantografu tena, utashughulikia kilomita za waya.

Lakini kuna cheche ambayo fundi wa treni hana la kufanya. Waya wa juu umegawanywa sehemu, na mahali sehemu mbili zinapopishana kuna nyaya mbili sambamba zilizotenganishwa na hewa tu. Kupita hapo si shida. Kusimama hapo ni shida: pantografu inaziunga nyaya zenye volti zisizolingana, mkondo unapita kwenye mguso mdogo, na treni ikijaribu kuondoka waya unayeyuka. Agosti 4, 2015, kati ya Yokohama na Sakuragichō, treni ilisimama mahali kama hapo na waya ukakatika, jioni ya maonyesho ya fataki. Ilikuwa treni ya mfululizo wa E233, mpya zaidi kuliko 205, na upya wake haukusaidia kitu.

Ukiletewa 205 yenye pantografu iliyoungua doa moja na kila kingine kizima, usianze na springi. Omba rekodi ya mwendo, uone ilisimama wapi.